Alama Kwenye Meza ya Verner

Asubuhi ya siku ambayo mumewe alitimiza miaka themanini, kabla hata ya kupandisha bendera ya siku ya kuzaliwa bustanini, Karna alikuwa ameinama juu ya meza ya kulia chakula na pasi mkononi. Mkono wa kulia ndio uliofanya kazi. Wa kushoto alikuwa ameufunga bandeji na kuutundika shingoni kwa skafu, kwa sababu vidole viwili vilikuwa vimevimba na kugeuka rangi ya zambarau, na kila alipousogeza aliuma meno.

Kazi yenyewe aliijua kuliko kupika. Unalowesha kipande cha kitambaa cha pamba, unakikamua, unakilaza pale mbao ilipobonyea, halafu unagusisha pasi ya moto mpaka mvuke ukupande usoni. Nyuzi za mbao zilizolazwa na pigo zinakunywa ule mvuke, zinavimba, zinainuka zenyewe. Mradi hazijakatika. Zikikatika, pasi haina msaada, itabidi utafute nta ya rangi inayokaribiana na kumwomba Mungu mgeni asiwe na macho makali.

Juu ya meza ile mabonyeo yalikuwa yamejipanga mstari, kutoka katikati mpaka karibu na ukingo, kila moja upana wa mdomo wa kikombe. Yalipigwa jana jioni kwa nyundo ya mbao. Aliyeyapiga alikuwa chumbani, anakoroma kwa amani kama mtoto aliyeshiba.

Verner mwenyewe ndiye aliyeitengeneza meza hiyo, kwa mbao za mwaloni. Alikuwa seremala, na enzi zake watu walitoka mpaka miji ya mbali, Viborg na Horsens, kuja kuagiza viti kwake, wakasubiri zamu bila kunung'unika. Karna aliingia katika karakana yake akiwa msichana, wala si kama mchumba. Alikuwa kibarua wa kumalizia: kupiga msasa, kusugua sabuni nyeupe iliyokorogwa katika maji ya moto mpaka mwaloni ubaki mweupe na laini, kuficha makovu ya usafirishaji. Verner alikuwa na namna yake ya kukagua. Alifumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya mbao polepole, na akikuta mahali palipofichwa aligonga mara mbili kwa kucha. Hakusema neno. Ukigongewa, unarudia. Karna aligongewa mwaka mzima, akalia kwa hasira, akaapa ataacha kazi, kisha siku moja vile vidole vikapita meza nzima bila kusimama. Jioni hiyohiyo Verner akamwomba waende dansi.

Kwa hiyo mtu asimwone Karna kikongwe wa kubahatisha na pasi. Kuficha alama ndiko kulikompatia mume, na sasa ndiko kulikomweka huyo mume nyumbani.

Ugonjwa wa Verner ulianza kwa majina. Likapotea jina la jirani, likapotea jina la mji aliozaliwa, ikapotea njia ya kurudi kutoka kwa mwoka mikate, ambaye duka lake linaonekana dirishani. Hayo yalivumilika, hata yalichekesha siku nyingine. Kisha zikaja jioni. Mwanga ukishatoka nje ya dirisha, Verner aligeuka mtu mwingine. Aliona wageni ndani ya nyumba. Alimwona Karna mwizi aliyekuja kumwibia vifaa vya kazi. Alianza na vitu: kikombe kikabamizwa mezani, mlango wa kabati ukapigwa teke, mkono wa kiti ukachanjwa kwa kisu cha mkate. Asubuhi hakukumbuka chochote. Alikunywa kahawa yake, akamsifia mkewe kwamba inanukia vizuri.

Naye Karna kila asubuhi aliitengeneza nyumba. Mkwaruzo wa kabati aliusugua kwa kiini cha jozi, ile njugu yenye mafuta, kisha kwa dole gumba mpaka mafuta yapate joto na kuingia. Mkono wa kiti aliujaza nta iliyoyeyushwa kwenye ncha ya kisu. Mguu wa stuli uliopasuka aliutia gundi na kuukaza kwa mpira wa baiskeli. Ilipofika taarifa ya habari ya mchana, nyumba haikuwa na la kusema kwa mtu yeyote.

Yote hayo kwa sababu ya kiapo. Miaka michache nyuma, kaka yake Verner, Aksel, aliwekwa kwenye nyumba ya wazee ya manispaa. Walipokwenda kumtazama walimkuta ameketi mbele ya meza ya plastiki iliyochorwa mistari ya mbao, anaikwangua kwa ukucha, anatafuta mbao iko wapi. Aksel naye alikuwa seremala. Verner alitangulia mbele mpaka kwenye maegesho ya magari. Hapo akamshika mkewe mabega yote mawili.

"Usinilete hapa, Karna. Hata nikifika mahali silijui jina lako. Niapie."

Karna akaapa, palepale, katikati ya magari, mvua ikiwanyeshea.

Aliyesimama kati yake na kiapo hicho alikuwa mtoto wao mmoja tu, Lisbet, mwanamke wa makamo anayefanya kazi benki huko Aarhus. Mwezi wa Agosti Lisbet alikuja akakuta kioo cha kabati kimepasuka, akauliza, akaambiwa ni upepo. Lisbet akikasirika haongezi sauti, anaipunguza. "Mama, mimi si mjinga," alisema. "Mtu anayepiga vitu iko siku atapiga mtu. Nikikuta alama nyingine humu ndani nawapigia manispaa siku hiyohiyo, na sitakuomba ruhusa." Tangu hapo kila alipokuja alikagua nyumba kabla hajavua koti, na kila mara hakukuta kitu, maana mama yake hakuwa wa kugongewa tena.

Na majirani? Watu wa huku wana adabu moja mbaya sana: ukitoka nje na jicho lililovilia damu, watakuambia kwamba hali ya hewa imebadilika. Herluf wa nyumba ya pili alisikia mengi kupitia ukuta wa bustani. Alichowahi kusema ni kwamba Verner bado ana sauti nzuri.

Jana jioni ndipo mambo yalipoharibika. Karna alikuwa akipanga vikombe kwa ajili ya sherehe. Verner akatoka nyuma ya kochi na nyundo kubwa ya mbao. Alikuwa ameificha wapi, Mungu ndiye ajuaye, kwa sababu karakana ilifungwa na ufunguo ulikuwa ndani ya kopo la unga. "Mwizi wewe," akasema, "toa mkono kwenye meza yangu." Karna ana nyonga mbovu, hawezi kurudi nyuma bila kushika kitu, kwa hiyo alirudi huku mkono wake ukiteleza juu ya meza, na nyundo ikaufuata. Ikatua nyuma yake, ikatua tena, tena, karibu na ukingo ikaufikia. Hakupiga kelele. Herluf alikuwa akipita dirishani na mbwa wake, na Karna ni mtu wa kufa na tai shingoni. Verner akashusha nyundo, akatazama huku na huku, akauliza chakula kimefika wapi. Karna akampakia siagi mkate mweusi kwa mkono mmoja, naye akala.

Sasa asubuhi imefika na binti yuko njiani. Mabonyeo yalikuwa yameinuka vizuri, ila mvuke ulikuwa umeacha mbao na vinyweleo, na msasa ulikuwa karakanani, chini ya rundo la mbao asiloweza kulisogeza kwa mkono mmoja. Karna akafanya kosa ambalo kibarua wa wiki ya kwanza angefukuzwa kazi kwalo. Alichukua pamba ya chuma ya kusugulia sufuria, akaichovya kwenye sabuni, akasugulia nayo mwaloni.

Alijua. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alijua, na haraka ikamzidi akili. Mwaloni hauvumilii chuma ukiwa umelowa. Vipande vidogo visivyoonekana vinabaki ndani ya mbao na vinageuka wino. Alipotoka kwenda bustanini kupandisha bendera, akivuta kamba kwa mkono mmoja na meno, meza ilikuwa nyeupe. Aliporudi, kila palipokuwa na bonyeo palikuwa na doa la kijivu, kana kwamba mtu ametembeza dole gumba chafu kutoka katikati ya meza mpaka ukingoni.

Kuyaondoa kulihitaji maji ya limau, kuiosha meza yote upya na kuiacha siku nzima ikauke. Hakuwa na siku nzima. Akafungua droo, akatoa kitambaa cheupe cha meza cha harusi yao, akakitandika. Bonyeo la mwisho, lile la ukingoni, hakuligusa. Lilikuwa halina kina, na hata yeye mwenyewe hakutaka kuliangalia.

Verner aliamka akiwa na moyo mweupe. Karna alimnyoa, akamfungia tai, na huku akimfungia, mume akaona skafu.

"Umefanya nini mkono?"

"Nimejiunguza na pasi."

Verner akauinua ule mkono taratibu na kuupuliza, kama anavyopulizwa mtoto aliyeanguka. Akamwambia akae chini, leo yeye ndiye atakayemimina kahawa. Karna akageuka kutafuta kitana alichokuwa amekishika tayari.

Lisbet akaingia na keki ya tabaka yenye malai hadi juu, mashavu mekundu kwa baridi ya Novemba. Alimkumbatia baba yake kwa muda mrefu. Akamtania kwamba wanaume wote wa ofisini kwake wana vipara, yeye kwa miaka themanini nywele kibao.

"Nywele zipo," Verner akajibu. "Kilichokuwa chini yake ndicho kimehama."

Wakacheka wote watatu, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli. Kisha Lisbet, koti bado mwilini, akaanza ukaguzi wake. Alipita kabati, akapitisha kiganja kwenye mlango. Akainamia mikono ya viti. Akatazama fremu ya mlango wa jikoni, stuli, mguu wa kochi. Aliuliza habari ya mkono, akajibiwa habari ya pasi, akamtazama mama yake machoni kwa muda ambao Karna aliuona mrefu mno. Mwishowe mabega ya Lisbet yakashuka. Akavua koti.

"Nyumba imekaa vizuri, Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nikwambie ukweli, nilikuwa naogopa kuja. Usiku sikulala. Labda nilikuwa nakuonea."

Karna alimwambia anywe kahawa kabla haijapoa. Alikuwa ameshinda. Mtoto alikuwa akimwomba radhi kwa kuwa na haki.

Waliketi. Waliimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, Verner akishika ubeti wa kwanza wote bila kukosea na kuukosa ubeti uliofuata wote. Walikata keki. Walikula mikate ya maziwa na siagi. Kibendera kidogo kilisimama katikati ya sahani. Lakini Karna aliona mapema kwamba mkono wa mumewe hautulii. Kila baada ya kidogo vidole vilishuka kwenye pindo la kitambaa, vikalikunja, vikalikunjua.

Inafaa ieleweke kwamba Verner hakuwahi katika maisha yake kuruhusu meza yake ivishwe. Akialikwa kwa watu na kukuta kitambaa, alimuuliza mama mwenye nyumba kwa upole kama meza inaumwa. Karna alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake, ila alidhani ugonjwa umeshalichukua pamoja na mengine.

"Nani amelazwa hapa?" Verner akauliza.

"Ni sherehe, Baba," Lisbet akasema. "Tumeipamba."

"Mwenye sherehe si mimi? Meza yangu siioni."

Karna akamwambia amalize keki kwanza, malai yatamwagika. Verner akaweka uma chini. Midomo ilianza kumtetemeka, na Lisbet, ambaye alikuwa na furaha siku hiyo na alitaka kumfurahisha baba yake, akainuka na kuanza kuhamisha sahani.

"Mwache aione meza yake, Mama. Ni siku yake."

"Lisbet, acha."

Karna alikuwa ameweka kiganja chake kizima juu ya kitambaa, na alikibonyeza kwa nguvu zote. Lisbet akasimama na sahani mkononi. Akautazama mkono wa mama yake juu ya kitambaa, kisha uso. Akaiweka ile sahani kwenye dirisha, na nyingine, na kibendera. Akaushika mkono wa mama yake, akauondoa bila nguvu, na akakikunja kitambaa nusu, halafu robo.

Madoa ya kijivu yalikuwa pale, mstari mmoja.

Karna alitegemea maswali. Alikuwa na uongo wa kutosha: sufuria za moto, maji ya maua, lolote. Lakini Lisbet hakuwahi kuuliza, kwa kuwa Verner alikuwa ameshafumba macho. Ncha za vidole vyake zikashuka juu ya mwaloni, zikaanza kutembea. Mgongo ulinyooka. Uso ukarudi nyuma miaka arobaini. Vidole vikafika kwenye doa la kwanza, vikasimama, na ukucha ukagonga mara mbili.

"Pamba ya chuma," Verner akasema. "Nani kaugusa mwaloni kwa pamba ya chuma? Huyo kibarua umwambie asirudi kesho." Vidole vikaendelea. Ukucha ukagonga tena, ukagonga tena. "Lakini chini yake pasi imetumika, na aliyetumia pasi ni fundi. Hapa palibonyea. Na hapa. Nyundo ya mbao, tena ile kubwa."

Maneno ambayo miezi yote hii yalikuwa yakimkimbia yalikuwa yamerudi yakasimama foleni.

"Verner, basi," Karna akasema. "Kahawa inapoa."

"Ngoja kidogo." Akafumbua macho, akasimama mahali aliposimama jana, akanyoosha mkono mtupu kupima. "Mpigaji alikuwa hapa. Alikuwa akimfuata mtu. Tazama, bosi," akamwita binti yake kama alivyomwita utotoni, "kila pigo liko karibu zaidi na ukingo. Huyu anarudi nyuma, yule anamfuata. Hakuwa akiipiga meza. Meza imepigwa kwa kukosea."

Lisbet alikuwa amekuwa mweupe kama kitambaa alichoshika. Akauliza kama yameishia pale.

Verner akainama ukingoni. Kidole kikazunguka lile bonyeo la mwisho, kikazunguka tena, kikakaa.

"Hili halikupigwa pasi," akasema polepole. "Halina kina, limetanda tu. Lakini pigo lenyewe lilikuwa na nguvu kama mengine. Kulikuwa na kitu katikati."

"Kitu gani, Baba?"

"Kitu laini."

Nje kamba ya bendera ilikuwa ikipigapiga mlingoti. Lisbet akazunguka meza. Alifungua fundo la skafu shingoni mwa mama yake, akaishusha, akaanza kufungua bandeji mzunguko kwa mzunguko. Karna hakumzuia. Alikuwa amechoka, amechoka hadi ndani ya mifupa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze hakuwa na wazo la nini cha kufanya baada ya hapo. Vidole vikatokea, vimejaa, kucha nyeusi.

Verner naye aliviona. Akavitazama, akaitazama meza, akarudi kuvitazama. Kitu fulani kilikuwa kikitafuta njia usoni mwake, na Karna alikiona kinavyokaribia. Hapo alisahau kiapo, akasahau manispaa, akasahau hata binti aliyekuwa ameushika mkono wake. Hakuwahi kuomba dua kwa moyo wote kama aliyoiomba wakati ule: asijue. Achukuliwe, apelekwe, lolote, ila asijue.

"Karna," Verner akasema, "nani kakufanyia hivi?"

Karna akaishika skafu kwa mkono mzima.

"Namfahamu?"

"Unamfahamu."

"Huwa anakuja humu ndani?"

Karna akatikisa kichwa kukubali.

"Basi atoke." Verner hakuwa yule mtu wa jioni. Alikuwa mume wake, mwenye hasira kwa ajili yake, jinsi alivyokuwa zamani fundi mmoja alipomtolea lugha chafu karakanani. Akaja akamshika mabega yote mawili. "Mtu wa namna hiyo hukai naye nyumba moja, awe nani awe. Hata akikulilia. Hata akikuomba. Niapie, Karna."

Karna akautazama uso alioupenda maisha yake yote, ulionyolewa na yeye mwenyewe asubuhi ile, na mkwaruzo mdogo wa wembe chini ya kidevu.

"Naapa," akasema.

"Ataondoka lini?"

Lisbet ndiye aliyejibu. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Leo napiga simu, Baba," akasema. Akachukua simu yake mkobani, akatoka kwenda ukumbini, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu.

Verner akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyemaliza jambo zito. Kisha akairudia meza. Lile bonyeo la ukingoni lilikuwa halimpi raha. Akamwambia mkewe alete pasi na kitambaa kibichi, wasiiache kazi nusu. Karna akaleta, maana hakujua jinsi ya kukataa. Alikilaza kitambaa kwa mkono mmoja. Verner akauweka mkono wake juu ya wa mkewe kwenye mpini wa pasi, na wakaishusha pamoja. Mvuke ukapanda kati yao.

"Usikandamize," akamwambia sikioni. "Igusishe tu, halafu uiache ivute pumzi. Una haraka siku hizi, wewe."

Waliinua, wakagusisha, wakainua. Sauti ya Lisbet ilikuwa ikisikika mlangoni, ya kikazi, inayojibu maswali ya mtu wa upande wa pili. Ndiyo. Hapana. Ndiyo, ni mama yangu. Verner akaondoa kitambaa, akafumba macho, akapitisha vidole ukingoni, vikaenda, vikarudi, wala havikusimama popote. Akatabasamu.

"Hapa sasa," akasema, "hakuna atakayejua."

Karna akaizima pasi. Huko ukumbini Lisbet alikuwa akilitaja jina la baba yake, herufi moja moja, ili aandikaye asikosee.